Akina mama na kikundi cha mikoko: kupanda, kuhesabu na kushika kalamu

Katika vijiji vingi vya pwani, akina mama ndio wanaookota mbegu za mikoko na kubeba miche mabegani. Lakini ukiuliza nani alichagua mahali pa kupanda na nani anatia saini benki, mara nyingi unatajiwa watu ambao hawajaingia topeni. Maelekezo haya ni kwa kikundi kinachotaka kazi na uamuzi viwe mikononi mwa watu walewale.

Anzeni na karatasi. Kenya, sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Kwenye katiba ya kikundi andikeni wazi: watia saini watatu, wawili kati yao wanawake wanaofanya kazi ya kitalu, na pesa isitoke kwa saini moja. Laini ya simu inayopokea malipo iwe ya kikundi, si ya mume wa mwenyekiti. Kumbukeni pia kwamba mikoko ya Kenya ni msitu wa hifadhi tangu mwaka 1932, chini ya KFS (Huduma ya Misitu ya Kenya), na Tanzania Bara inasimamiwa na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Ruhusa ya maandishi haiepukiki. Kenya, njia yake ni chama cha jamii cha misitu, na huko pelekeni mama mwenye haki ya kupiga kura kwenye kamati. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Tumieni kipimo hichohicho mnapodai viti kwenye kamati za kijiji.

Saa za vikao nazo ni uongozi. Siku za bamvua, yaani za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa sana karibu saa nne asubuhi, na hapo ndipo kazi ya tope hufanyika. Kikao kikiitwa saa hiyohiyo, waliotoka kupanda hawatakuwepo. Kiwekeni siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, baada ya alasiri.

Sasa mahali. Hapa ndipo miradi mingi inapoharibika, kwa sababu tope tupu la mbele ya msitu halina mwenyewe na linapendeza kwenye picha. Kama mikoko haijawahi kuota pale, ipo sababu: maji hukaa muda mrefu mno au mawimbi yanapiga. Wanaookota chaza na kaa wanajua maji yanafika wapi na hukaa kwa muda gani. Waulizeni kabla hamjapiga kigingi. Tafuteni visiki vya zamani, na palipo na nyasi za baharini msipande kabisa. Kama msitu ulikufa kwa sababu barabara au tuta limeziba mkondo, fungueni mkondo kwanza. Mara nyingi mbegu zitaletwa na maji zenyewe, mkaokoa miezi ya kazi.

Kila mti una kiwango chake cha maji. Mlilana husimama mbele baharini, mkoko wenyewe (hapa ni aina moja tu, si mikoko yote) hufuata penye tope laini, kisha muia na mkandaa, na mchu huonekana zaidi upande wa nchi kavu penye chumvi nyingi, ingawa wakati mwingine huota hata mbele. Kupanda mkoko kila mahali kwa sababu tu mbegu yake ni rahisi kuokota ni kosa la kawaida sana.

Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya manjano pale inapokutana na tunda, na tawi likitikiswa kidogo hudondoka yenyewe. Ile inayohitaji kuvutwa kwa nguvu bado changa, iacheni. Tupeni yenye matundu ya wadudu au ncha iliyovunjika. Wekeni mbegu kivulini, chini ya gunia bichi, siku chache hadi wiki moja, maana mbegu mbichi kabisa ndiyo kaa anayoipenda. Mchu ni tofauti: lowekeni mbegu zake usiku mmoja hadi ganda litoke, kisha zilazwe juu ya tope la kiriba (mfuko wa kuoteshea miche) na kubonyezwa kidogo tu. Ukizifukia, zinaoza.

Kitalu kiwe mahali ambapo maji ya bamvua yanafika bila kukaa, chini ya kivuli chepesi cha makuti. Jazeni viriba tope la msituni, si mchanga wa ufukweni. Mwezi wa mwisho kabla ya kupanda, punguzeni makuti kidogokidogo ili miche izoee jua.

Siku ya kupanda, vuteni kamba yenye mafundo kila mita 2. Kwa nafasi hiyo hekta moja inachukua miche 2,500. Andaeni 3,000 ili ibaki ya kujazia. Mbegu ya mkoko chomekeni moja kwa moja, sentimita 7 hadi 10, mpaka isimame yenyewe. Upande ulioshikana na tunda ukae juu, ndiko majani yanakotokea. Tope likiwa gumu, tobolea kwanza kwa kijiti. Ukilazimisha, ncha ya mzizi inavunjika na hutaona hasara hiyo hadi mwezi wa tatu baada ya kupanda.

Malipo yafuate mche ulio hai. Green Belt Movement ya Wangari Maathai, iliyoanza mwaka 1977 ndani ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, iliwalipa akina mama kwa miche iliyoshika, na kwa hiyo utunzaji ukawa na thamani sawa na upandaji. Huko Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni (yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko) tangu 2013 kutoka hekta 117 hivi, na fedha zake zimeingia kwenye maji na shule. Mapato ya namna hiyo yanasimama juu ya hesabu zinazoaminika, basi anayehesabu awe mwanachama wenu aliyefundishwa, asiwe mgeni wa siku moja.

Hesabuni mwezi wa 3, wa 6 na wa 12 baada ya kupanda. Pimeni vipande vya mita 10 kwa 10, kila kimoja kina miche 25. Ikiwa hai ni 19, hiyo ni asilimia 76. Ikishuka chini ya nusu, msijazie bado. Ng'oeni mche uliokufa muutazame. Umekatwa mviringo karibu na tope? Kaa. Shina limejaa vigamba vigumu vya baharini? Maji hukaa muda mrefu mno, mmepanda karibu mno na bahari. Umefukiwa mchanga hadi kwenye majani? Mkondo umehama. Majani yameliwa yakabaki vijiti? Ni mbuzi au ng'ombe, zungumzeni na wafugaji kabla ya kununua nyavu. Sababu iandikwe kwenye ukurasa uleule wa hesabu, katibu atie saini, na nakala moja ipelekwe kwa ofisa wa misitu kabla ya kikao kijacho cha kamati.