Namna ya Kuchagua Ekseli ya Nyuma Iliyo Imara kwa Gari Zito la Kale

Kazi ya kutafuta ekseli ya nyuma huanzia kwenye mizani, wala si kwenye banda la spea za mtumba. Wenye Land Rover 109 (aina ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli mbili) za miaka ya 1960, ambazo bado zinabeba mapipa ya maji na magunia ya alizeti kati ya Dodoma mjini na vijiji vya Bahi, Mpwapwa au Kondoa, mara nyingi humwagiza fundi awatafutie difu kubwa, yaani kasha la gia lililo katikati ya ekseli, na baadaye hugundua kwamba wamelipia chuma kizito ilhali udhaifu wa gari lao ulikuwa kwenye shafti, ile fimbo inayotoka kwenye difu hadi kwenye gurudumu. Pakia gari mzigo wake wa kawaida, jaza tangi, kisha upandishe magurudumu ya nyuma peke yake kwenye mizani ya malori kwa mnunuzi wa mazao au wa chuma chakavu. Namba utakayoisoma hapo ndiyo itakayoongoza maamuzi mengine yote.

Ekseli haiwezi kupokea msokoto (nguvu ya kuzungusha) mkubwa kuliko ule ambao tairi linaweza kuuhimili kabla ya kuteleza. Tuseme magurudumu ya nyuma yanabeba kilo 1,500, nusu kipenyo cha tairi ni meta 0.38, na barabara ni lami kavu ambayo mshiko wake ni kama 0.8. Zidisha 1,500 kwa 9.81, kisha kwa 0.8, kisha kwa 0.38, nawe utapata takribani nyutonimita 4,470 kwa ekseli nzima. Difu ya kawaida huugawa msokoto huo sawasawa, hivyo kila hafshafti, yaani shafti ya upande mmoja, hubeba nusu yake. Lakini ukifunga difu yenye kufuli, inayolazimisha magurudumu mawili yazunguke pamoja, shafti moja inaweza kubebeshwa karibu msokoto wote pale gurudumu la upande wa pili linaponing'inia hewani. Ongeza pia nafasi ya mshtuko, kwa sababu tairi linalozunguka bure kwenye tope la mbuga za Bahi, likidaka ghafla sehemu ngumu, hupiga shafti kwa nguvu inayozidi hesabu hii. Kwa maoni yangu, anayefunga matairi makubwa ili gari lipendeze anaihatarisha ekseli kuliko anayebadilisha injini, kwani nusu kipenyo kimo ndani ya hesabu moja kwa moja, na katika gia ya chini hata injini ya asili huweza kuukaribia ukomo huo.

Jambo la pili ni kujua nani anabeba uzito wa gari. Katika ekseli ya kuelea kikamilifu, habu hukaa juu ya beringi zilizo nje ya bomba la hausingi (ganda la ekseli), na shafti hufanya kazi moja tu ya kuzungusha gurudumu. Fungua boliti za kifuniko cha katikati ya habu, vuta shafti yote nje, na gurudumu litabaki limesimama mahali pake. Katika ekseli ya kuelea nusu, shafti hiyohiyo hubeba pia uzito, na ikivunjika karibu na beringi gurudumu linaweza kuchomoka pamoja na kipande chake. Kwa gari litakalopanda milima ya Mpwapwa likiwa na mzigo, mimi nisingekubali aina hii ya pili hata ningepewa bure.

Hata hivyo, kuelea kikamilifu si uthibitisho wa shafti imara. Ekseli ya asili ya Land Rover za matoleo ya Series II na IIA huelea kikamilifu, lakini hafshafti zake zenye mameno 10 zinajulikana kwa kukatika. Dawa iliyotoka kiwandani kwenyewe ni ekseli ya Salisbury, ambayo ndiyo iliyofungwa nyuma ya 109 za Series III, na kwa mwenye 109 ya zamani ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Hausingi yake ni nene, krauni yake (gia kubwa ya ndani ya difu) ni kubwa, na inakaa kwenye springi zilezile, ingawa yuboliti (boliti za umbo la U zinazoshika ekseli kwenye springi) na urefu wa propela (shafti ndefu kutoka giaboksi hadi difu) hubadilika. Kasoro zake ni mbili: tumbo lake liko chini zaidi na hugonga mawe, na krauni yake hupangwa ndani ya hausingi kwa shimu (vipande vyembamba vya chuma), kazi ambayo fundi asiye na vifaa vya kupimia hapaswi kuigusa.

Ekseli ya Land Cruiser ya zamani hupatikana kwa urahisi na wengi huvutiwa nayo, lakini boliti zake 6 za gurudumu hukaa kwenye duara la milimita 139.7, wakati Land Rover ina boliti 5 kwenye duara la milimita 165.1, kwa hiyo utalazimika kubadilisha ekseli zote mbili au kutembea na matairi ya akiba ya aina mbili. Mwenye Peugeot 404, ambayo propela yake imefungwa ndani ya bomba na difu yake ni ya skrubu, atapata nafuu zaidi kwa kuikarabati ya asili.

Kabla ya kutoa fedha, hesabu uwiano wa difu. Zuia gurudumu moja lisizunguke, zungusha la pili mizunguko 2 kamili, na uhesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara 4 na karibu robo tatu, hiyo ni 4.7, ambayo ndiyo ya Land Rover za Series zilizo nyingi. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu manne lazima liwe na uwiano uleule mbele na nyuma, la sivyo gia zitapigana na kuvunjana. Kisha chomoa shafti na uitazame juani: mistari ya mameno ikianza kujipinda kama uzi wa skrubu, chuma kimekwishachoka. Mwaga oili kwenye chombo cheupe. Ungaunga wa kijivu kwenye sumaku ya kizibo ni wa kawaida, bali kipande unachoweza kukishika kwa kucha ni jino lililomeguka. Mwisho, pima umbali kati ya matairi ya kulia na kushoto kwa mbele na kwa nyuma ya ekseli, kwa kuwa tofauti ya milimita kadhaa huonyesha hausingi iliyopinda.

Wakati wa kufunga, pinioni (gia ndogo ya difu inayoungana na propela) ielekee sambamba na shafti inayotoka kwenye giaboksi, au iiname chini kidogo, kwa sababu springi hujikunja na kuinua pinioni pale gari linapovuta mzigo. Pasipo kuhakikisha hilo, usiruhusu mtu achomelee vikalio vya springi. Zibua pia kitundu cha kupumulia cha hausingi, ambacho vumbi la huku hukiziba mapema. Kikiziba, joto husukuma oili kupitia kwenye sili hadi kwenye breki. Baada ya kilomita 500 za kwanza, kaza yuboliti upya gari likiwa limesimama kwa uzito wake, na ubadilishe oili.