Kruza au spoti? Ijaribu Magadi Road kabla ya kulipa

Ukitaka kujua ni pikipiki gani kubwa inayokufaa hapa Nairobi, usianze na injini. Anza na kilo, na uzipime pikipiki ikiwa imesimama.

Mimi ni mkaaji wa Rongai, ninaendesha kruza, ile pikipiki ya kiti cha chini unayokalia wima, na wikendi nafundisha watu wanaohama kutoka pikipiki ndogo kwenda kubwa. Swali ni lile lile: "Mwalimu, nichukue kruza au spoti?" Wenye kruza watakuambia spoti, ile ya kuinama mbele, inaumiza mgongo na viganja. Wenye spoti watakuambia kruza ni mzigo usiojua kona. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anasemea barabara yake. Sisi wa Rongai tumebahatika kuwa na barabara zote mbili katika moja. Magadi Road ukielekea Bomas Jumatatu asubuhi ni foleni. Ukielekea Kiserian na Corner Baridi Jumapili ni kona, upepo na mteremko mpaka bondeni. Mwombe muuzaji akuruhusu uijaribu pande zote mbili. Akikataa upande wa foleni, tafuta mwingine.

Kabla hujaiwasha, ikalie, tua nyayo zote chini, kisha irudishe kinyumenyume kwa miguu mahali penye mwinuko kidogo. Hapa ndipo watu wafupi kama mimi hudanganyika. Kiti cha Royal Enfield Super Meteor 650 kiko milimita 740 kutoka chini, na cha Yamaha R3, ambayo ni spoti, ni 780, kwa hiyo kruza inakupokea vizuri zaidi. Lakini Super Meteor ina kilo 241 na R3 ina 169. Hizo kilo 72 za ziada ni mtu mzima. Kiti cha chini kinakusaidia mradi pikipiki imesimama wima. Ikishaanza kulala upande, unapambana na kilo tupu.

Kwa sababu hiyo jifunze kuiinua kabla ya kuinunua, na muwe wawili. Ikiwa imelalia upande wa kulia, toa stendi kwanza ili isije ikapitiliza upande wa pili. Weka gia ili isibiringike. Geuza usukani hadi mwisho, ipe mgongo, egemeza makalio kwenye kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine ushike chuma imara cha fremu. Kisha tembea kinyumenyume kwa hatua fupi, miguu ndiyo isukume. Mgongo usiuinamishe hata kidogo. Ukishindwa ukiwa umepumzika, mvua ya Aprili ikikukuta kwenye tope la kuingia mtaani hutaweza.

Sasa ingia foleni. Kaa humo nusu saa, usitafute njia ya mkato. Kwenye spoti, sikiliza viganja na mabega, maana mwili umeinama mbele na hakuna upepo wa kukisaidia kifua. Jaribu pia kugeuza kwenye barabara nyembamba: usukani wa spoti nyingi hauzunguki sana, na unaweza kulazimika kwenda mbele na nyuma ili ugeuke. Kwenye kruza yenye silinda mbili zilizokaa mfano wa V, sikiliza paja. Silinda ya nyuma haipati upepo wa kutosha hata mkiwa mwendoni, sembuse mkisimama, na joto lake linapanda moja kwa moja kwako.

Kuhusu matuta nina msimamo mkali. Kruza nyingi zina vikanyagio vilivyosogezwa mbele, miguu ikanyooka kama uko sebuleni. Ukifika kwenye tuta lisilopakwa rangi, au zile rasta zinazofuatana, huwezi kusimama juu ya vikanyagio ili magoti yapokee kishindo. Kinapokelewa na uti wa mgongo. Kama unataka kruza, chagua yenye vikanyagio vya katikati.

Injini nayo isikusumbue sana. Royal Enfield Meteor 350 hutoa mvuto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa niutoni-mita 27 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika. R3 hutoa 29.6, ila mpaka ifike 9,000. Mvuto unakaribiana, tofauti ni pale unapoupata. Kwenye foleni kruza ndogo huondoka bila kelele wala kuchezea klachi. Kwenye barabara wazi, ukitaka kulipita lori mlimani, R3 ina akiba ambayo Meteor haina. Kumbuka pia tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari: hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban moja ya sita ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi.

Ukishuka kutoka Corner Baridi, teremka kwa gia, si kwa breki peke yake, na uone uzito unavyokusukuma. Kruza nzito hutulia upepo wa pembeni unapopiga. Lakini haiinami sana: kikanyagio kitakwaruza lami mapema, na ikiwa uliingia kona kwa kasi huna pa kwenda. Spoti inakuachia nafasi ya kurekebisha. Ng'ombe wakitokea ghafla baada ya kona, na huko hutokea, nafasi hiyo ina thamani.

Kama nyumbani unafika kwa changarawe, uliza pia kama gurudumu la nyuma linavutwa kwa mkanda. Jiwe likinaswa ndani linaweza kuuharibu, na kuupata mwingine si kama kutafuta cheni kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road.

Anayetoka kwenye pikipiki ya cc 150 na kupita foleni kila siku namwambia achukue spoti ndogo au kruza isiyozidi kilo 200, aiendeshe msimu mzima wa mvua na wa kiangazi, kisha aje tuzungumze kuhusu ile nzito. Anayetaka kruza nzito kwa ajili ya Jumapili tu, na ameiinua mbele yangu, simzuii. Ninachomwomba ni kwamba safari za kwanza za Magadi asimbebe mtu nyuma.