Karatasi ya barua yenye pindo la kanga, kwa GIMP

Katika GIMP, programu ya kuhariri picha, fungua faili jipya la pikseli 2480 kwa 3508, yaani A4 kwa pikseli 300 kila inchi. Anza na kigae kimoja, yaani kipande cha pindo kitakachorudiwa, cha mraba cha pikseli 248, maana vigae 10 vinajaza upana wote bila kubaki kipande.

Chora korosho katikati ya kigae, kisha kisogeze kwa amri ya Offset, pikseli 124 kila upande, ukichagua Wrap around. Kingo zilizokuwa nje sasa zinakutana katikati kama msalaba. Mshono ukionekana, uzibe kwa brashi hapo hapo, ila usiguse kingo mpya. Rudia Offset ile ile ili korosho irudi katikati, kisha nakili kigae na upange nakala kuzunguka kingo zote nne za ukurasa.

Kinachosumbua ni urefu. Ukiondoa vigae viwili vya kona, cha juu na cha chini, zinabaki pikseli 3012, na vigae 12 vinafika 2976 tu. Usiongeze kipande, korosho iliyokatwa huonekana hata kwa mbali. Unganisha vyote 12 viwe ukanda mmoja, uuvute hadi 3012. Tofauti ya asilimia 1.2 hakuna atakayeiona.

Mji, yaani sehemu ya kati ndani ya pindo, uache mtupu, au weka madoa kwenye tabaka lake (layer) kwa ukolevu (opacity) wa asilimia 8 hadi 12. Ukizidisha, maandishi yanazama.

Hifadhi kama PNG, kwani JPEG huacha vidoadoa kando ya rangi kali. Kwenye Word, weka picha ndani ya kijajuu (header), nyuma ya maandishi, isije ikahama ukianza kuandika. Printa nyingi za nyumbani hazifiki ukingoni: chapisha kwa asilimia 95, la sivyo pindo litaliwa.