Kutibu Corolla 110 inayochemsha bila kuitoa uani

Shemeji yangu alinipigia simu akiwa kwenye mlima wa Kitonga. Gari lilitoka Dar hadi Ruaha Mbuyuni bila shida yoyote, akaanza kupanda, kona ya tatu mvuke ukafunika kioo. "Shemeji, hili gari wiki iliyopita fundi kalimaliza kabisa!" Kweli lilimalizwa. Lilipofika kwangu Morogoro juu ya lori nilifungua kifuniko cha rejeta nikakuta maji ya rangi ya chai ya rangi, themostati (vavu inayofunguka kwa joto kuyaruhusu maji yapite kwenye rejeta) imetolewa, na feni imeungwa moja kwa moja kwenye swichi ya kuwasha kwa mkono. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoua nusu ya Toyota za zamani ninazoziona, na yote hufanywa kwa jina la matengenezo.

Ninachoeleza hapa tulikifanya Jumamosi na Jumapili chini ya mwembe, nikiongeza niliyojifunza kwenye 110 yangu mwenyewe. Zote mbili zina injini ya 5A-FE, ile ya lita 1.5. Ukiwa na Toyota nyingine ya miaka ya tisini utaelewa, ila boliti zitakuwa mahali pengine.

Vifaa: spana namba 10 na 12, bisibisi, plaiz, jeki na stendi zake, ndoo yenye alama za lita. Ile spana ya kurekebisha, mafundi wanaijua kwa jina lake la utani, iache kwenye boksi. Inakula kona za nati, na nati za themostati ni ndogo.

Hatua ya 1: Jua linachemka lini

Linachemka kwenye foleni lakini likikimbia linapoa? Angalia feni. Linachemka kwenye mlima au mwendo mkubwa, foleni halina neno? Maji hayazunguki vya kutosha: rejeta imeziba, themostati haifunguki yote, au mkanda wa pampu ya maji umelegea. Maji yanapungua na chini hakuna tone? Nenda hatua ya pili kabla hujanunua hata klipu moja.

Hatua ya 2: Gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini)

Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza hadi shingoni, washa. Mapovu yanayokuja mfululizo bila kukoma, tangu sekunde za mwanzo na hata injini ikitulia, ni moshi wa silinda unaopenya kwenye maji. Chomoa na kijiti cha oili. Oili ikiwa kama maziwa, funga boneti, tafuta fundi wa hedi. Hiyo si kazi ya chini ya mwembe.

La shemeji lilipona hapo. Bahati yake alizima mapema.

Hatua ya 3: Mwaga maji ya zamani

Injini baridi. Sisemi vuguvugu, nasema baridi. Kifuniko cha rejeta ya moto kimewaunguza watu uso.

Chini ya rejeta kuna koki ya plastiki. Kama haijawahi kufunguliwa, usiiguse, itakukatikia mkononi kama ilivyonikatikia mimi. Chomoa mpira wa chini. Na mpira uliogandamana kwenye shingo ya rejeta usiuzungushe kwa plaiz, kwa sababu shingo ni ya plastiki na imekaa kwenye joto miaka zaidi ya ishirini. Upasue mpira kwa wembe, utanunua mwingine. Mpira ni bei ndogo, rejeta siyo.

Kinga yote kwenye ndoo na uandike ni lita ngapi zimetoka. Namba hiyo utaihitaji. Kisha suuza kwa maji ya bomba mpaka yatoke meupe. Kulanti ya zamani (dawa ya kupoza injini inayochanganywa na maji) usiimwage uani: ni sumu, na ina utamu unaovuta mbwa, mbuzi na watoto.

Hatua ya 4: Rudisha themostati

Najua utabishiwa. Fundi atakwambia Tanzania ni nchi ya joto, themostati ni ya Wajapani na theluji yao. Asikudanganye. Themostati ya injini hii ina kisahani cha pili upande wa nyuma. Maji yakipata moto inafungua njia ya rejeta, na wakati huohuo kisahani kile kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Kwenye tambarare hutagundua kitu. Kitonga utagundua. Isitoshe, injini isiyopata joto lake inaendelea kumwagiwa petroli kama imewashwa sasa hivi.

Fuata mpira wa chini mpaka unapoingia kwenye injini, nati mbili za namba 10, hapo ndipo inakaa. Nunua ya nyuzi 82, na uipime kabla ya kuifunga hata kama ni mpya: itumbukize kwenye kopo la maji jikoni, chemsha. Ikiwa baridi iwe imefunga, na iwe imefunguka vizuri kabla maji hayajatokota. Nasema kopo, kopo la rangi au la maziwa. Mimi nilitumia sufuria ya mama watoto, na sufuria ile mpaka leo inaitwa ya gari.

Kwenye themostati kuna kipini kidogo kinachotikisika ukiitingisha. Kikae juu kabisa, pale penye 12 kwenye saa ya ukutani. Nitakueleza kwa nini.

Nati zikaze kwa spana fupi, kwa vidole vitatu. Zinakatika.

Hatua ya 5: Feni

Hapa wengi wanapotea kwa sababu Toyota hizi zinafanya kinyume na unavyodhani. Swichi ya joto, kwenye yangu iko kando ya themostati, maji yakiwa baridi *imefunga*, yaani inapitisha umeme, na feni imelala. Maji yakipita kama nyuzi 93 swichi inafunguka, inakata umeme, na rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) inaiwasha feni. Maana yake ukichomoa plagi ya swichi hiyo huku funguo ikiwa imewashwa, feni inatakiwa kuzunguka papo hapo. Ikizunguka, mota, fyuzi na rilei vyote ni vizima, swichi ndiyo mbovu. Isipozunguka, anza na fyuzi, halafu rilei, halafu mpe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri.

Kipimo cha nusu dakika. Aliyeunga feni ya shemeji hakukifanya. Tulibadilisha swichi ya joto, tukang'oa nyaya zote alizounga fundi yule, na shemeji akaacha kukumbuka kuzima feni kila anaposhuka.

Hatua ya 6: Jaza, na utoe hewa

Miaka minne iliyopita nilifanya yote ya juu kwenye gari langu, nikajaza maji saa mbili asubuhi, nikawasha. Dakika kumi sindano ikapanda kwenye wekundu. Nikazima, nikasubiri, nikarudia. Vilevile. Nikatoa themostati nikaichemsha tena, nzima. Nikaenda kununua nyingine, nikaifunga, vilevile. Saa kumi jioni jirani dereva wa lori akapita, akashika mpira wa juu, akashika wa chini, akaniuliza, "Hita umeifungua?" Hita? Morogoro? Sikuwahi kuigusa tangu ninunue gari. Vavu yake ilikuwa imeganda imefunga, na maji ya zamani yote yalikuwa yamebaki humo na hewa yake. Tulipofungua themostati tukakuta na lile la pili: kile kipini nilikuwa nimekiweka chini. Kazi ya kipini ni kupitisha hewa wakati themostati imefunga. Kikiwa chini, povu la hewa linakaa juu yake, themostati inaota hewa badala ya maji, haifunguki, na injini inachemka huku rejeta iko baridi.

Kwa hiyo fanya hivi, na usiruke.

Kwanza, maji gani. Ya kisima hapana, hasa ya Dar yenye chumvi. Yanaacha magadi ndani ya rejeta kama kwenye birika. Tumia yaliyotoneshwa, wanayouza kwa ajili ya betri, lakini soma chupa au muulize muuzaji mara mbili, maana pembeni yake kuna chupa ya asidi na ukisema tu "maji ya betri" unaweza kupewa yoyote. Changanya nusu kwa nusu na kulanti. Kama kwenye galoni imeandikwa kwamba tayari imechanganywa, imimine hivyo hivyo. Rangi peke yake haikuambii kitu, kila kiwanda kinapaka inayotaka, kwa hiyo usichanganye galoni mbili za aina tofauti kwa kuwa zote ni za kijani.

Pili, inua pua ya gari. Paki ukielekea juu kwenye mteremko, au tumia jeki na stendi. Shingo ya rejeta iwe sehemu ya juu kuliko zote, kwa sababu hewa inapanda.

Tatu, weka hita kwenye joto la mwisho, na hakikisha kwa macho kwamba kebo inasogeza vavu yake.

Nne, mimina polepole. Lita moja, simama. Minya mpira wa juu, minya wa chini, kama unakamua ng'ombe. Utasikia *blubu*, maji yatashuka, ongeza.

Tano, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ikate kitako, igeuze uizungushie kitambaa kwenye shingo, ikae kama faneli yenye maji nusu. Bila hiyo, themostati inapokaribia kufunguka maji yanafurika yakimwagikia mkanda, halafu inapofunguka yanazama ghafla na kuvuta hewa upya.

Sita, washa bila kifuniko, kiyoyozi kimezimwa, usikanyage mafuta. Subiri. Mpira wa juu utapata moto, kisha siku ile nzuri ikifika wa chini nao utapata joto kwa mkupuo. Hapo themostati imefunguka. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Hita ipulize moto kabisa huku injini ikiwa kwenye mwendo wa kusimama. Ikipuliza baridi wakati sindano iko juu, bado kuna hewa. Sindano ikipita katikati na mpira wa chini bado baridi, zima mara moja, acha lipoe lenyewe. Usimwagie injini ya moto maji baridi, hedi inapinda.

Saba, funga kifuniko, na kifuniko kiwe kipya. Watu wanakidharau. Kile kilichoandikwa 0.9 kinashikilia mgandamizo unaofanya maji yachemke karibu nyuzi 118 badala ya 100. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95, chini kidogo tu ya pale injini inapofikia mlimani. Gari lenye kifuniko kilicholegea litakaa vizuri Kigamboni na kukuaibisha Uyole.

Nane, hesabu lita. Tulitoa 4 na robo kwenye gari la shemeji. Zikiingia 3, zile zilizobaki ni hewa, hata kama kila kitu kinaonekana kimejaa. Sisi ziliingia 3 na nusu Jumamosi, robo tatu zilizobaki tuliziongeza asubuhi mbili zilizofuata, injini ikiwa baridi. Usiku, injini ikipoa, maji ya kopo la akiba, lile la plastiki kando ya rejeta, yapungue kidogo. Yasipopungua, kifuniko hakivuti au kuna mpira unaovuja hewa.

Hatua ya 7: Geji ya pili

Haya ndiyo maboresho pekee niliyokubali kumfungia, wakati yeye alitaka taa za LED. Sindano ya dashibodi inakaa katikati muda mrefu na ikianza kupanda umeshachelewa. Kuna geji za dijitali zinazouzwa na kipande cha alumini cha kukatia katikati ya mpira wa juu, sensa inaingia humo. Pima kipenyo cha mpira kabla ya kununua. Sensa ya waya mbili haina masharti. Ya waya mmoja inahitaji ardhi ya umeme, na kipande kikiwa katikati ya mipira miwili hakigusi bodi popote, kwa hiyo kifunge waya hadi kwenye injini, la sivyo utasoma namba za ajabu. Umeme uchukue kwenye fyuzi inayozimika na funguo.

Kitu kimoja tu: sensa inapima maji. Mpira ukipasuka maji yakaisha, sensa inabaki hewani na namba inaweza kushuka badala ya kupanda. Ukiona imeshuka ghafla mlimani, simama.

Shemeji alipita Kitonga tena Ijumaa akanitumia picha ya geji kutoka Ilula. Mlimani iligota 97, kileleni ikarudi 89. Chini ya picha kaandika: "Sasa njoo tuzungumze habari za taa."