Somo: Taa ya injini imewaka? Skana, manuali na mita kwanza, spea baadaye

Wakuu, habari zenu. Somo hili ni la mwenye gari dogo la Kijapani ambaye taa ya injini imewaka, gari linakula mafuta, na ameshapewa majibu matatu na watu watatu. Mmoja kasema pampu, wa pili sensa ya oksijeni, wa tatu kasema "tubadilishe plagi kwanza tuone". Hizo "tuone" ndizo zinazomaliza hela za watu pale Gerezani, Dar es Salaam, kwenye maduka ya spea. Skana itakuonyesha kompyuta ya gari inalalamikia nini, na manuali itakuonyesha upime wapi na kipimo sahihi ni kipi. Cha kununua utakijua ukishapima.

Mfano wetu ni Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, lita 1.5, na namba ya hitilafu P0171. Nimeichagua kwa sababu injini hiyo hiyo utaikuta kwenye Vitz, Probox, Raum, Premio na Allion, na P0171 ndiyo namba inayouza sensa nyingi zisizo na kosa.

Hatua ya 1: Lijue gari lako kwa namba zake

Fungua boneti utafute kibati chenye namba ya modeli. NCP61 ni IST ya 1NZ, lita 1.5. NCP60 ni ya 2NZ, lita 1.3. NCP65 ni ya 1.5 inayovuta magurudumu yote manne. Ukisema tu "IST ya 2004" hujasema kitu.

Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani halina ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Lina namba ya chesesi, mfano NCP61 ikifuatiwa na tarakimu. Kwa hiyo ukikutana na tovuti inayodai tarakimu 17 na kukukatalia, gari lako halina tatizo.

Hatua ya 2: Tafuta manuali ya pacha wake

Siongelei kile kitabu cha dereva kinachokaa kwenye droo ya dashibodi. Naongelea manuali ya ufundi, ile anayofungua fundi wa kampuni. Ya gari la soko la Japani imeandikwa Kijapani, na wengi hukata tamaa hapo. Njia ya kupita ni hii: magari mengi kati ya haya yaliuzwa nje kwa jina jingine, na manuali ya huko ni ya Kiingereza. IST iliuzwa Marekani kama Scion xA, ikiwa na 1NZ-FE hii hii. Vitz ni Yaris, Honda Fit ni Jazz, Nissan March ni Micra, Mazda Demio ni Mazda2, na Harrier ya kizazi cha pili ni Lexus RX.

Pacha si nakala, lakini. Scion xA ina stelingi kushoto, na mfumo wake wa kunasa mvuke wa petroli umefuata sheria za Marekani. Vipimo vya ndani ya injini viamini. Rangi za waya na mahali fyuzi zilipo, hakiki kwenye gari lenyewe kabla hujachomeka mita. Toyota wana tovuti ya mafundi inayouza ruhusa ya kusoma kwa siku chache tu, nayo inatosha kabisa kwa kazi moja. Ukipewa PDF na mtu, kitu cha kwanza kuangalia ni kama imeandikwa injini yako. Manuali ya injini nyingine ni hatari kuliko kukosa manuali.

Sehemu unazozihitaji ni tatu: kurasa za namba za hitilafu, vipimo vya kukazia bolti, na michoro ya umeme. Kwenye manuali za Toyota kila namba ina mpangilio ule ule: mfumo unavyofanya kazi, hali inayoifanya kompyuta iwashe taa, maeneo ya kushuku, mchoro wa waya, kisha upimaji hatua kwa hatua. Wengi husoma "maeneo ya kushuku" wakaifanya orodha ya manunuzi. Teremka chini, usome upimaji.

Hatua ya 3: Skana

Soketi ya kuchomekea skana ina pini 16, iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Kwa kuanzia, kidude cha ELM327 cha Bluetooth (skana ndogo inayochomekwa hapo na kuongea na simu) pamoja na simu ya Android kinatosha. Vingi sokoni ni kopi, na vile vilivyoandikwa toleo 2.1 mara nyingi vimepunguzwa amri, kwa hiyo ukipata toleo 1.5 chukua hiyo. Mwenye iPhone anunue cha Wi-Fi au cha Bluetooth ya aina mpya ya BLE, la sivyo hakitaunganika.

Kuwa na soketi ya pini 16 hakumaanishi gari linaongea lugha ya kimataifa. Marekani walilazimisha mfumo huo kuanzia magari ya mwaka 1996, ila Japani umbo la soketi lilitangulia lugha. Ndiyo maana IST nyingine hukaa kimya mpaka uchague kwenye programu mpangilio wa Toyota za soko la Japani. Programu ya simu ya Car Scanner inao.

Hatua ya 4: Soma, piga picha, usifute

Ufunguo kwenye ON, injini haijawashwa. Soma namba zote, zilizokomaa na zile zinazosubiri. Kisha fungua picha ya wakati wa kosa, yaani data ambazo kompyuta ilizihifadhi sekunde ile hitilafu ilipoonekana: mwendo, joto la injini, mzunguko, mzigo. Kosa lililotokea injini ikiwa ya baridi getini na lililotokea ukipanda mlima Kitonga si kosa moja, hata kama namba ni ile ile. Ukifuta unatupa ushahidi huo wote.

P0171 maana yake mchanganyiko ni mwepesi: hewa nyingi kuliko petroli, kwa mtazamo wa kompyuta. Haijasema sensa ya oksijeni imekufa. Kinyume chake, mara nyingi sensa hiyo ndiyo iliyogundua.

Hatua ya 5: Data mubashara, hapa ndipo penye kazi

Acha injini ipate moto, zima AC, fungua STFT na LTFT. Ya kwanza ni marekebisho ya petroli ya papo hapo, ya pili ni yale ambayo kompyuta imeyazoea. Jumlisha zote mbili. Kati ya asilimia hasi 10 na chanya 10 tulia. Chanya ikipita hapo, kompyuta inaongeza petroli kufidia kitu.

Sasa linganisha hali mbili: sailensi, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, halafu shikilia mzunguko wa 2,500 kwa dakika kwa muda.

Tuseme sailensi jumla ni +24, ukishika 2,500 inashuka mpaka +6. Hiyo ni hewa ya wizi inayoingia baada ya sensa ya MAF, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Tundu ni lile lile, ila injini ikivuta hewa nyingi, ile ya wizi inakuwa sehemu ndogo tu. Ikiwa kinyume, yaani sailensi pako sawa lakini inapanda ukibeba mzigo, shuku petroli haifiki ya kutosha, au MAF chafu inayohesabu hewa pungufu. Ikiwa juu kila mahali kwa kiasi kinachokaribiana, angalia presha ya petroli, MAF, na ekzosi inayovuja kabla ya sensa ya oksijeni, kwa sababu hewa ya nje ikinyonywa pale sensa inadanganyika.

Tazama na MAF yenyewe. Injini ya lita 1.5 ikiwa ya moto kwenye sailensi hucheza kwenye gramu 2 hivi kwa sekunde. Ikisoma chini sana ya hapo, ama sensa ni chafu, ama kuna hewa inayopita bila kuhesabiwa.

Hatua ya 6: Nenda kwa mkono

Kwa mfano wetu wa +24 inayoshuka, anza na bomba la mpira linalotoka kwenye kichujio cha hewa kwenda kwenye throto, yaani mlango wa hewa wa injini. Usiliangalie kwa juu. Likunje kwa vidole, fungua yale makunyanzi, maana ufa hujificha ndani ya mkunjo na unafunguka injini ikivuta. Kisha mipira midogo ya vakyumu, mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa ndani ya injini uchomwe tena), halafu gasketi ya manifodi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Wengine hupulizia dawa ya kabureta wakisikiliza mzunguko ubadilike. Dawa hiyo inashika moto, na ekzosi ipo karibu. Mimi natumia maji kwenye chupa ya kupulizia: pale penye ufa sauti inabadilika kwa muda.

MAF isafishwe kwa dawa yake maalumu tu. Usiguse ule waya kwa kidole wala pamba. Iache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha.

Ukifika kwenye presha ya petroli, manuali inakupa kilopaskali 304 hadi 343. Nozeli na pampu visibadilishwe bila geji. Kama huna geji, hapo ndipo pa kumlipa fundi, na umlipe kwa kupima.

Hatua ya 7: Kaza kwa kipimo, futa, hakikisha

Nati za magurudumu ya IST ni nyutoni-mita 103. Bolti ndogo za manifodi ni kidogo sana kuliko hapo, na manifodi za plastiki hupasuka, kwa hiyo fungua ukurasa wake na utumie spana ya torki. Ukishafuta namba, LTFT inarudi sifuri na kuanza kujifunza upya. Usishangilie siku hiyo hiyo. Kompyuta ya Toyota inataka kuiona P0171 katika safari mbili kabla ya kuwasha taa. Endesha, gari lipoe, endesha tena, kisha soma LTFT.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Hujambo mwalimu, niko Nairobi. Honda Fit yangu, ufunguo ukiwa ON bila kuwasha, MAP (sensa ya presha ya hewa kwenye manifodi) inasoma kilopaskali 83. Mekanika anasema sensor imeharibika juu inafaa kusoma 101.

Jibu: Sijambo dada. Injini ikiwa imezimwa, MAP inasoma presha ya hewa ya mahali ulipo. 101 ni ya Mombasa, usawa wa bahari. Nairobi iko kama mita 1,700 juu, na 83 ndiyo inayotegemewa. Washa injini: kwenye sailensi inatakiwa ishuke sana, kwenye thelathini na kitu. Ikishuka, sensa yako ni nzima.

Swali: Mkuu, mimi nina P0420, namba ya masega (kichujio cha moshi kilicho ndani ya ekzosi) kutofanya kazi vizuri. Fundi anasema tutoe masega gari lipumue, na masega atayanunua yeye.

Jibu: Ndani ya masega kuna platinamu, paladi na rodi, ndiyo maana yana mnunuzi. P0420 inatokana na kompyuta kulinganisha sensa ya oksijeni ya mbele na ya nyuma ya masega. Kabla ya kuyahukumu, angalia kama ekzosi inavuja na kama gari linamisi, yaani silinda fulani haichomi petroli yake vizuri. Petroli isiyoungua ikifika kwenye masega inayachoma, kwa hiyo hata ukiweka mapya bila kutibu misi yatakufa pia. Na ukiyatoa, taa haitazimika.

Swali: Gari langu halijawasha taa yoyote ila linakula mafuta vibaya. Skana itasaidia?

Jibu: Itasaidia. Tazama joto la maji ukiwa barabara kuu. Likikaa nyuzi sitini na kitu halipandi, kuna uwezekano mkubwa mtu aliwahi kutoa themostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) "ili gari lisichemshe". Kwa 1NZ inaanza kufunguka nyuzi 80 hadi 84. Bila hiyo, kompyuta inaamini injini bado ya baridi na inaendelea kuongeza petroli. Irudishe, kisha shughulikia kilichokuwa kinachemsha.

Swali: Kaka, skana haiunganiki kabisa, hata taa yake haiwaki.

Jibu: Weka mita kati ya pini 16 na pini 4. Ukikosa volti 12, ni fyuzi. Toyota nyingi zina fyuzi iliyoandikwa OBD, magari mengine hutumia moja na soketi ya sigara. Ukipata 12, kidude ndicho kibovu.

Swali: Nina Aqua, taa ya airbag imewaka. Naweza kutumia ELM hiyo hiyo?

Jibu: Nyingi hazifiki kwenye airbag, utahitaji Techstream (programu ya Toyota yenyewe ya kupimia magari) au skana kubwa. Usipime waya za airbag kwa mita, unaweza kuilipua. Hata kufungua tu soketi zake, toa kwanza nguzo hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90. Na kwenye Aqua, waya wowote wa rangi ya chungwa usiuguse, huo ni umeme mkubwa.

Swali: Mkuu, IST kama hiyo, P0171, nimeshabadilisha sensa ya oksijeni na plagi, taa imerudi. Ninunue pampu?

Jibu: Bado. Weka hapa picha ya STFT na LTFT kwenye sailensi na kwenye 2,500, pamoja na MAF, injini ikiwa ya moto na AC imezimwa. Kama hukufuta, weka na ile picha ya wakati wa kosa.