Chagua Injini Kwanza: Mwongozo kwa Anayenunua Gari la Hadhi la Dizeli Lililotumika Dar es Salaam

Mtu anayetafuta gari la hadhi lililotumika hapa Dar es Salaam, awe anazunguka kwenye yadi au anaagiza kutoka Japani na Uingereza, kwa kawaida huanza na nembo, kisha mwaka, kisha rangi, halafu bei. Injini huonekana kama tarakimu tu zilizobandikwa kwenye buti: 523d ya BMW, E220 na E350 za Mercedes-Benz. Kwa gari la petroli mazoea hayo huenda yasimwumize sana mnunuzi, lakini kwa dizeli ya kisasa ni ya hatari, kwa sababu magari mawili yanayofanana kwa kila kitu yanaweza kubeba injini mbili zenye tabia tofauti kabisa, moja ikamtumikia mwenyewe miaka mingi na nyingine ikamaliza akiba yake kabla ya mwaka kuisha. Ndiyo maana nashauri injini ichaguliwe kwanza na gari litafutwe baadaye. Na kabla ya injini, ichunguzwe njia ambayo gari litapita.

Njia unayopita kila siku

Dizeli nyingi za hadhi zilizotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zina chujio la masizi kwenye ekzosi, ambalo mafundi hulitaja kwa kifupi cha DPF. Chujio hilo hunasa masizi, na likikaribia kujaa, kompyuta ya injini huyachoma kwa kupandisha joto la ekzosi hadi kiasi cha nyuzi 600. Kazi hiyo inahitaji gari liwe katika mwendo usiokatika kwa dakika 15 hadi 20 hivi, na mwendo wa namna hiyo haupatikani Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni. Kompyuta huanza kuchoma, gari linasimama kwenye foleni ya Tazara, joto linashuka, kazi inakatika, na kesho yake inaanza upya. Kibaya zaidi, katika injini nyingi joto hilo hupatikana kwa kunyunyizia dizeli ya ziada ndani ya silinda, na sehemu ya dizeli hiyo huteremka pembeni mwa pistoni hadi kwenye oili. Uchomaji unaokatika mara kwa mara huifanya oili iwe nyepesi, na kiwango chake kikapanda badala ya kushuka. Oili ya namna hiyo haiwezi kuilinda turbo wala beringi za kranki.

Kwa hiyo mtu anayekaa Mikocheni na kufanya kazi Posta, ambaye gari lake litatoka nje ya jiji wakati wa sikukuu pekee, namshauri bila kusita anunue la petroli, hata kama muuzaji anamwonyesha hesabu nzuri za ulaji wa mafuta. Dizeli inamfaa anayekwenda Morogoro, Tanga au Dodoma mara kwa mara. Dar es Salaam hadi Morogoro ni takriban kilomita 190, na ingawa vibao vya 50 ni vingi vijijini, barabara hiyo bado ina vipande virefu vya kutosha ambapo chujio hujisafisha lenyewe bila dereva kujua.

Mafuta yanayouzwa hapa

Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, zilishusha kiwango cha juu cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Hiyo ilikuwa hatua kubwa na njema. Hata hivyo, injini za Euro 5 na Euro 6, yaani viwango vya Ulaya vya usafi wa moshi, pamoja na zile zilizouzwa Japani katika miaka hiyo hiyo, zilibuniwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10. Injini haifi kwa tofauti hiyo, lakini salfa huzidisha asidi kwenye oili na huchosha mifumo ya kusafisha moshi, kwa hiyo muda wa kubadilisha oili uliochapishwa kwenye kitabu cha gari la Ulaya, ambao huweza kuvuka kilomita 20,000, usifuatwe hapa. Mimi nisingevuka 8,000.

Jambo la pili ni uchakachuaji. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba, yaani kemikali ya kuyatambua mafuta, kwenye mafuta, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli. Hatua hizo zilisaidia sana, lakini mnunuzi wa dizeli ya kisasa hana budi kuelewa kwa nini suala hili linamhusu kuliko mwenye lori la zamani. Pampu ya presha ya injini hizi husukuma mafuta kwa bar 1,600 hadi 2,000 na zaidi, na kinachoilainisha ni dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi vya kutosha. Pampu ikianza kujikwangua, chembe za chuma husafiri hadi kwenye nozeli zinazopuliza mafuta ndani ya silinda, na hapo fundi hatengenezi kipande kimoja tena, anabadilisha mfumo mzima wa mafuta. Jaza kwenye vituo vyenye wateja wengi, chukua risiti, na hakikisha chujio la mafuta linabadilishwa na maji yaliyotuama chini yake yanamwagwa kwa wakati.

Ukubwa wa injini na TRA

Kwa anayeagiza mwenyewe, ujazo wa injini una bei yake bandarini. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1,000 lakini haizidi 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi hapo. Ushuru wa uchakavu huongezwa kwa gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na huwa mkubwa zaidi likivuka miaka kumi. Ingiza mfano wenyewe kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kumlipa mtu yeyote, kwa kuwa tofauti ya cc mia moja na kitu inaweza kulihamisha gari kutoka kundi moja hadi jingine: injini ya BMW ya cc 1,995 na ile mpya ya Mercedes-Benz ya cc 1,950 zimo katika kundi la chini, ilhali Mercedes ya cc 2,143 na Mazda ya cc 2,188 zimo katika kundi la juu.

Injini zenyewe

Katika magari yenye silinda nne, ninayoipa nafasi ya kwanza ni BMW B47, iliyoanza kutumika 2014 na kuingia kwenye 523d za miaka iliyofuata. Iliirithi N47, na N47 ndiyo inayopaswa kuogopwa, hasa zile zilizotengenezwa kati ya 2007 na 2011. Cheni yake ya taimingi imewekwa nyuma ya injini, upande wa gia boksi, na huchakaa kabla ya wakati. Ikikatika, vali hukutana na pistoni. Kuibadilisha hulazimu kushusha gia boksi au injini yenyewe, na bei ya kazi hiyo huizidi mbali bei ya cheni. Mlio wa kukwaruza unaotoka nyuma ya injini wakati wa kuwasha asubuhi ni sababu ya kutosha ya kuliacha gari, hata likiwa safi namna gani. B47 nayo ina cheni nyuma, ila iliimarishwa. Kwa injini hizi zote, pamoja na N57 ya silinda sita, ulizia kipozeo cha EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, kwa sababu mwaka 2018, baada ya visa vya magari kuwaka moto Korea Kusini, BMW iliita magari mengi ya dizeli ili kukikagua na kukibadilisha. Namba ya chasi itakuonyesha kama kazi hiyo ilifanyika.

Kwa upande wa Mercedes-Benz, OM651 ya cc 2,143, inayopatikana kwenye E220 na E250 za umbo la W212, ni injini ngumu yenye doa moja: magari ya miaka yake ya mwanzo yalikuwa na nozeli za Delphi za aina ya piezo zilizoharibika kwa wingi, hadi kiwanda kikazibadilisha kwa za kawaida. Tafuta la baadaye, au lenye ushahidi kwamba nozeli zilibadilishwa. OM654 ya 2016 na kuendelea, iliyo kwenye E220d ya W213, ni tulivu na hubana mafuta, na ningeipendekeza kwa moyo mmoja isingekuwa AdBlue. Huu ni mchanganyiko wa maji na urea ya asilimia 32.5 unaopulizwa kwenye ekzosi kupunguza gesi za nitrojeni. Joto la muda mrefu linalozidi nyuzi 30 hufupisha maisha yake, kwa hiyo galoni lililokaa juani mbele ya duka halifai. Tangi lake likiisha, gari huanza kukuhesabia mara zilizobaki za kuwasha, na zikifika sifuri haliwaki. Kabla ya kulinunua, jua utaipata wapi AdBlue, na utaihifadhi wapi.

Silinda sita ndizo zinazowavutia wengi, na kwa safari ndefu wanastahili kuvutiwa. OM642 ya lita 3.0, V6, iliyokuwa kwenye E320 CDI iliyouzwa Japani kuanzia 2006 na baadaye kwenye E350 BlueTEC, inaweza kwenda kilomita nyingi sana ikitunzwa. Udhaifu wake mkubwa ni mipira ya kipozeo cha oili, kilichojificha katikati ya V chini ya turbo. Mipira hiyo ikichakaa, oili huteremka nyuma na kuchuruzika kwenye maungio ya gia boksi, na fundi asiyeijua injini hii humwambia mteja kwamba ni sili ya nyuma ya kranki. Mipira yenyewe ni ya bei ndogo, lakini kuifikia ni kazi ya siku kadhaa. Ukiona unyevu wa oili sehemu hiyo, punguza bei kwa kiasi cha kazi nzima, au ondoka.

BMW M57, ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari, kwangu ndiyo dizeli imara kuliko zote nilizozitaja, na cheni yake iko mbele ambako fundi anafika. Ina vibao vidogo vya kuongoza hewa ndani ya manifoldi ambavyo huweza kukatika na kumezwa na silinda, lakini mafundi huviondoa na kuziba nafasi zake mapema, na shida inaisha. Tatizo ni umri: 530d zenye injini hiyo zitatozwa ushuru wa uchakavu, na nyingi hutoka Uingereza, ambako chumvi ya barabarani hula chuma cha chini. Likague likiwa juu ya jeki, au tafuta lililokwisha kuingia nchini.

Mazda Atenza ya lita 2.2 si ya daraja la E-Class, lakini wengi huitazama kwa jicho hilo kwa sababu ya bei, kwa hiyo niiseme. Haihitaji AdBlue, na inakwenda vizuri. Ni hiyo hiyo inayojulikana kwa oili kupanda na kaboni kujaa kwenye njia za hewa inapozungushwa mjini tu. Chomoa kijiti cha oili, na kiwango kikiwa juu ya alama ya mwisho, usinunue.

Kulikagua gari

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha weka mkono juu ya boneti, na ikiwa ni ya moto rudi siku nyingine, kwani kasoro nyingi za cheni, nozeli na plagi za joto huonekana injini ikiwa baridi tu. Moshi wa buluu unaoendelea ni oili, mweupe usiokoma ni dizeli isiyoungua au maji ya rejeta, na mweusi mzito ni nozeli, turbo au njia ya hewa. Pitisha kidole ndani ya bomba la ekzosi: gari lenye chujio zima huacha bomba karibu safi, na kidole kikitoka cheusi ti, chujio limepasuka au limetolewa.

Kisha mlipe fundi mwenye mashine inayosoma kompyuta ya chapa hiyo, asiwe wa muuzaji. Mwagize akupe mambo matatu kwa maandishi: masahihisho ya kila nozeli, yaani kiasi ambacho kompyuta inarekebisha mafuta yake, presha kabla na baada ya chujio, na kiasi cha masizi na majivu kilichokadiriwa. Masizi huungua lakini majivu hayaungui, kwa hiyo chujio lililojaa majivu huondolewa ili lisafishwe au libadilishwe. Mashine ikionyesha kilomita tofauti na zile za kwenye dashibodi, mazungumzo yameisha.

Utaambiwa, pengine na fundi unayemwamini, kwamba chujio ni usumbufu na dawa yake ni kulitoboa, kama wengine wanavyotoa masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi za magari ya petroli. Naomba usikubali. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Masizi yatakayotoka kwenye gari lako yatavutwa na wanafunzi wanaosubiri daladala na mama anayechoma mahindi kando ya Barabara ya Morogoro, watu ambao hawakuchagua injini hiyo. Asiyeweza kulitunza chujio asinunue gari lenye chujio.

Ukishalinunua, badilisha oili, chujio la oili, la mafuta na la hewa wiki ile ile, bila kujali stika ya kubadilisha oili iliyobandikwa mlangoni. Oili iwe yenye majivu kidogo, na alama yake iandikwe kwenye chupa: MB 229.51 au 229.52 kwa Mercedes, LL-04 kwa BMW. Isome mwenyewe dukani, Kariakoo au kwingineko, kabla kizibo hakijafunguliwa.