Siku ya matembezi Hakone ukiwa umelala ryokan: anzia kupanga na chakula cha jioni

Wiki iliyopita nilikuwa nampangia dada yangu na shemeji safari ya Hakone, milima ya chemchemi za maji moto kusini-magharibi mwa Tokyo. Vivutio vyote walikuwa wamekwisha kuviona kwenye simu. Walichokuwa hawajui ni kwamba ryokan, nyumba ya wageni ya kijadi, ina saa zake, na saa inayotawala nyingine zote ni ya chakula cha jioni. Ndiyo maana mimi hupanga kuanzia jioni, nikirudi nyuma hadi asubuhi.

Hatua ya 1: Lala siku mbili, na ulale Gora

Ryokan nyingi hupokea wageni kuanzia saa tisa alasiri na hutaka chumba kesho yake saa nne asubuhi. Ukilala siku moja tu, unakimbizana na mzigo mchana kutwa na maji ya moto huyafaidi. Ukilala mbili, katikati unapata siku nzima na begi linabaki chumbani. Gora naipendelea kuliko Hakone-Yumoto, mji wa bondeni, kwa sababu iko juu mlimani, karibu na kila kitu kilichotajwa hapa chini.

Hatua ya 2: Sema unachokula siku unayoweka nafasi

Usisubiri kufika. Chakula cha ryokan huja kwa vyombo vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine, na mpishi hununua vitu vyake kwa idadi ya wageni. Waislamu wasiishie kusema "hatuli nguruwe": mchuzi mwingi wa Kijapani hutiwa sake au mirin, na vyote viwili vina kileo. Andika wazi: bila nguruwe, bila pombe hata ya kupikia, samaki na mboga tunakula. Wakisema hawawezi, tafuta nyumba nyingine mapema. Na katika ujumbe huohuo uliza kama wana bafu la faragha, liitwalo kashikiri, kwa sababu bafu la pamoja watu huingia uchi kabisa. Wanawake na wanaume huoga mahali tofauti, lakini si kila mtu ataridhia kuvua mbele ya wageni, na hana haja ya kulazimishwa.

Hatua ya 3: Nunua Hakone Free Pass

Ni pasi moja ya usafiri wa Hakone, na inauzwa kwenye stesheni za Shinjuku, Tokyo, na Odawara. Ina treni ya mlimani, gari la waya linaloning'inia angani, meli ya ziwani na mabasi. Treni ya kasi ya Romancecar kutoka Shinjuku ina nyongeza yake.

Hatua ya 4: Asubuhi, panda juu kwanza

Omba zamu ya mwanzo ya kifungua kinywa. Kutoka Gora panda behewa linalovutwa na kamba ya chuma hadi Sounzan, kisha gari la waya hadi Owakudani, bonde linalotoa moshi wa salfa. Nasisitiza asubuhi kwa sababu mlima Fuji huonekana vizuri kabla mawingu hayajapanda, na foleni bado ni fupi. Mwenye pumu, mwenye maradhi ya moyo na mjamzito wasishuke hapo. Gesi ile si ya kuchezea, na mwaka 2015 bonde lilifungwa kwa shughuli za volkano. Kabla ya kutoka, muulize mhudumu wa mapokezi kama gari la waya linafanya kazi, maana upepo na gesi hulisimamisha.

Kula yai jeusi. Limechemshwa kwenye maji ya chemchemi, madini ya chuma yakakutana na salfa, ganda likawa kama mkaa. Ukilimenya, ndani ni jeupe kama yai lolote. Wenyeji husema moja huongeza miaka saba ya maisha.

Hatua ya 5: Ziwa

Endelea na gari la waya hadi Togendai, kando ya ziwa, kisha panda meli hadi Moto-Hakone. Lile lango jekundu la hekalu la Hakone lililosimama majini watu hulipangia foleni ndefu ili wapige picha. Litazame kutoka melini, linaonekana vizuri zaidi. Muda uliookoa utumie kutembea chini ya mierezi ya barabara ya zamani ya Tokaido hadi kizuizi cha Hakone, kilichowekwa mwaka 1619, ambako wanawake wanaotoka Edo, yaani Tokyo ya zamani, walikaguliwa vikali.

Hatua ya 6: Kurudi (soma hii mara mbili)

Hapa ndipo siku za watu huharibika. Saa nane mchana kila kitu kinaonekana karibu, saa kumi na moja jioni umekwama kwenye basi huku ryokan wakikusubiri kwa chakula cha saa kumi na mbili.

Usirudi kwa meli na gari la waya. Gari la waya hufunga jioni mapema, na likisimama kwa upepo utajikuta upande usio wako.

Panda basi Moto-Hakone, lakini angalia: kampuni za mabasi ni mbili na vituo vyake vimekaribiana. Pasi yako inakubaliwa kwenye moja tu. Tafuta basi lenye herufi H, linaloelekea Odawara. Muoneshe dereva pasi kabla hujakaa.

Sasa la muhimu kuliko yote: usikae ndani hadi Yumoto. Mwisho wa wiki na sikukuu barabara ya bondeni hujaa magari hadi basi linatambaa. Shuka kituo cha Kowakidani, panda treni ya mlimani kwenda juu. Treni haina foleni ya magari. Gora ni kituo cha pili, na katikati iko Chokoku-no-mori, penye makumbusho ya sanamu ya wazi yaliyofunguliwa mwaka 1969. Ukifika na muda, ingia; yana jengo zima la kazi za Picasso. Huna muda, pitiliza.

Mimi huhesabu hivi: chakula saa kumi na mbili, kuoga saa kumi na moja, basi liondoke ziwani si baada ya saa tisa. Ukiona umechelewa, piga simu ryokan ukiwa bado njiani, usingoje ufike.

Tarehe 2 na 3 Januari usijaribu njia hii kabisa. Barabara hufungwa kwa mbio za kupokezana za Hakone Ekiden, zilizoanza mwaka 1920. Ila kama unapenda riadha, zifuate hizohizo: wanafunzi Wakenya wanazikimbia tangu mwaka 1989.

Hatua ya 7: Oga kabla ya kula

Kaa kwenye kigoda, jisugue kwa sabuni, jimwagie hadi povu lote liishe, ndipo uingie. Kitaulo kisiguse maji, kiweke kichwani. Ukivaa yukata, joho jepesi la pamba la ryokan, upande wa kushoto uwe juu, kwa sababu kulia juu huvishwa maiti. Mlangoni, 女 ni wanawake na 男 ni wanaume. Soma kila unapoingia, hata asubuhi ya pili, maana nyumba nyingi hubadilishana mabafu usiku.